Debora Yuko Juu ya Tanuri Lako

Mama Debora,

Debora yuko kiwandani. Nianze na hilo, maana ndilo lililonikalisha hapa barazani na kalamu, jua la saa tisa linanipiga miguuni na sina hata nia ya kuhama. Ameingia zamu ya mchana. Yuko juu, kwenye lile jukwaa la chuma ubavuni mwa tanuri, pale ulipokuwa unasimama wewe. Kutoka hapa naliona bomba la moshi. Nikiandika mstari mmoja, natazama. Nikiandika mwingine, natazama tena.

Tangu tulipokuzika Ulemo, kwa wazazi wako, sijawahi kukuandikia. Watu walinishauri nikuzungumzie katika sala. Nimejaribu. Lakini sala yangu inakwenda kwa Mungu halafu inabaki hukohuko, na mimi nataka kukueleza wewe mambo ya kiwanda. Mungu anayajua tayari.

Uliondoka ghafla mno. Tulikuwa tumetoka kanisani, ukaanza kufua, ukaniita: "Mwalimu, njoo tukamue hili blanketi." Nilipofika ulikuwa umekaa chini kando ya beseni, mkono mmoja haunyanyuki. Presha, walisema hospitali. Hilo nimeshawasimulia watu wengi waliokuja kutupa pole. Wewe ulikuwepo, huhitaji kusimuliwa. Nataka kukuambia yale ambayo hukuyaona.

Mabomba yako ya hewa yalifika.

Yalikuja kwa lori kutoka Dar es Salaam, tukiwa tumeshamaliza arobaini yako, ndugu wameondoka, nyumba imekuwa kimya. Rashidi, msaidizi wako tanurini, ndiye aliyenipigia simu. "Mwalimu, mabomba ya mama yameshuka, njoo uyaone." Nikaenda. Yalikuwa yamelazwa uwanjani kwenye vumbi, yamepakwa rangi ya kijivu. Nikayagusa. Walinzi walikuwa wananitazama, nikaona aibu, nikaondoa mkono. Ukweli ni kwamba sikujua hata kipi kinaingia wapi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Yote ninayoyajua kuhusu moto ule ni yale uliyonieleza wewe tukiwa tunakula.

Unakumbuka kiwanda chenu cha mafuta kilipoacha kuchoma maganda ya alizeti na kuanza kuchoma makaa ya mawe yanayotoka kusini? Watu wa Manyoni walishangilia, kwa sababu ule moshi mweusi wa maganda ulipungua. Mimi pia nilishangilia. Wewe peke yako ulinuna. Asubuhi za kiangazi, upepo ukitoka upande wa kiwanda kuja shuleni, kulikuwa na utando mwembamba angani, rangi yake kama chai isiyokolea. Watoto wa darasa la pili walifikicha macho hadi yakawa mekundu. Mwalimu mkuu akaamuru madirisha ya upande ule yafungwe, tukawa tunafundisha kwenye joto. Nilikuja kukulalamikia nyumbani kana kwamba ni wewe uliyeleta, na ukanijibu kwa upole, huku unachambua mchele: "Moshi mweusi watu wanauona, wanaupigia kelele. Huu mwingine unatokana na moto kuwa mkali kupita kiasi."

Ukanieleza kwamba ule unga wa makaa unapopuliziwa tanurini pamoja na hewa yote kwa mara moja, moto unakuwa mkali mno, na nitrojeni iliyomo ndani ya makaa na hewani inaungana na oksijeni. Hapo ndipo inapozaliwa ile gesi inayouma macho na kifua. Dawa yake, ulisema, ni kutoupa moto hewa yote pale chini. Upewe kidogo. Makaa yaungue kwa njaa, ile nitrojeni ikose oksijeni ya kushikamana nayo, irudi kuwa hewa ya kawaida tu. Halafu juu zaidi, kwa mabomba mengine, ndipo ipulizwe hewa iliyobaki, ili kisitoke kitu ambacho hakijaungua. "Moto uanze na njaa, ushibie juu." Nilicheka. Nikakuambia hiyo sentensi nitawapa watoto waitungie insha. Hukucheka. Ulikuwa umechoka kwenda kwenye ofisi ya meneja kuomba mabomba.

Basi, akakubali, ukafa, yakafika.

Mwaka huohuo Debora alitakiwa na chuo kwenda fildi, yale mafunzo ya kazini. Nilimsihi aende Dodoma, kuna viwanda kule na kuna shangazi yake wa kukaa naye. Aliniangalia hivi, unajua anavyoangalia, kichwa pembeni. "Baba, mabomba yenyewe yako hapa. Niende Dodoma kuangalia nini?" Nilimwekea tu soksi nzito kwenye begi, kama anakwenda Mbeya, wakati anakwenda umbali wa kutembea kwa miguu.

Waliwasha ule mfumo wako msimu wa alizeti ulipopamba moto, magunia yamejaa hadi nje ya ghala. Siku za mwanzo zilikuwa nzuri, Mama Debora. Nilifungua dirisha moja la darasa langu, kwa siri kidogo. Hakuna aliyekohoa. Nikafungua la pili.

Halafu king'ora kikalia.

Nilikuwa ubaoni. Nilitoka na chaki mkononi, sikuwaaga watoto. Nilikimbia hadi getini, na mlinzi, yule mnene anayenisalimia kila siku, akanisukuma kifuani kwa mikono miwili. "Mwalimu, haruhusiwi mtu, kuna gesi." Watu walikuwa wanatoka mmojammoja. Kila anayetoka nilimtazama usoni na kumwacha. Wawili walikuwa wamebebwa. Debora hakuwemo. Nikaendelea kutazama. Sijui ilichukua muda gani, usiniulize. Akatoka mwisho kabisa, Rashidi amemshika kiunoni, akaenda ukutani akatapika.

Alikuja kunieleza baadaye, kichwa kikiwa bado kinamgonga. Umeme uliyumba, feni ya juu ikazima. Lakini mashine inayolisha makaa haikuzima. Moto wa chini ukaendelea kupewa makaa huku hewa ni kidogo, na ile ya juu ya kumalizia haipo tena. Tanuri likajaa ile gesi isiyo na harufu, ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani, ikaanza kuvuja kwenye milango ya kuchungulia moto. Yeye hakunusa kitu. Alihisi tu kichwa kizito, na kifaa kidogo alichobandika kwenye kola kikaanza kulia. Akazima makaa kwa mkono. Akawapigia wenzake kelele washuke. Akabaki kuhakikisha wameshuka.

Akabaki, mke wangu. Hilo ndilo ninaloamka nalo kila siku.

Wale wawili walilazwa, wakapona, wakarudi makwao. Namshukuru Mungu kwa hilo bila kupunguza hata neno.

Jioni ile tulikula. Nilipomaliza nikasema, "Hurudi kule." Akakusanya vyombo, akaviosha, akarudi akakaa. "Baba, mama hakuchora hivi." Akaniambia kwamba kwenye mchoro wako feni ya juu imefungwa pamoja na mashine ya makaa, ili ikizima hii, na ile ikatike yenyewe bila kumsubiri mtu. Waya wenyewe haukuwahi kuvutwa. Msimu ulikuwa umewafikia, wakasema wawashe kwanza, waya utafuata.

Mimi nilishalisikia jambo hilo. Nilikuwa hapahapa barazani, nasahihisha madaftari, wewe na Rashidi mkibishana. Uligonga kikombe mezani hadi chai ikamwagika. "Rashidi, huo waya kama haupo, msiwashe! Bora watu waendelee kuvuta ile hewa ya zamani." Halafu ukaanza kufuta chai na kuongea Kinyiramba peke yako, na mimi na Rashidi tukawa tunaangaliana, hakuna anayethubutu kuuliza.

Kesho yake meneja aliwakusanya wafanyakazi. Debora alirudi nyumbani amebana midomo. Amri ya meneja: mabomba ya juu yazibwe, moto urudi kama zamani. Na sababu waliyopewa watu: mchoro wa marehemu ulikuwa na kasoro.

Nataka nikuambie nilivyojisikia, kwa sababu wewe huwezi kunikasirikia vibaya. Kwanza nilifurahi. Nilisema moyoni, yazibwe, mtoto atashuka, nitalala. Nilifurahi hadi nikaenda kuchota maji kisimani bila kuombwa. Ndoo ilipojaa ndipo lile neno likanifikia sawasawa. Mchoro wa marehemu. Yaani wewe. Yaani wale waliolazwa, watu wa mji huu sasa watasema wameumizwa na wewe, na watoto wa darasa la pili warudi kufikicha macho, na madirisha yafungwe, na jina lako libaki juu ya yote hayo.

Nikaiacha ndoo palepale, nikaenda kwa Rashidi.

Nilimkuta uani kwake, amekaa kwenye kigoda, mkewe anapepeta mtama. "Shikamoo Mwalimu." Akainuka, akanipa kigoda chake. Mkewe akasalimia, akachukua ungo wake akaingia ndani, nadhani alijua. Nikamwambia Rashidi sikuja kugombana. Nikamwambia, "Nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu. Siku ile alipomwaga chai, ulimsikia?"

Akafuta mikono kwenye suruali. "Mwalimu, aliyesema tuwashe ni meneja. Mimi nina watoto wananitegemea."

"Sijakuambia ufanye chochote. Nauliza kama ulimsikia."

"Nilimsikia." Akainamisha kichwa. "Nilimsikia, Mwalimu. Na nikasimama pale nikawasha."

Ningemlaumu vipi? Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kufurahi. Tulikaa hivyo mpaka mkewe akatuletea uji, tukanywa, nikaaga. Nilirudi nyumbani nikiamini nimepoteza safari.

Asubuhi Rashidi alipita kumchukua Debora. Alikuwa amevaa shati lake la sikukuu ya Idi. Debora akaniangalia kuona kama nitamzuia, na mimi, sijui kwa nini, nikamwambia afunge kamba za viatu. Wakaenda kwa meneja wote wawili. Nilikwenda nikasubiri getini na yule mlinzi mnene, tukisikiliza redio yake bila kuisikia. Kila sauti ikitoka ndani nilisimama.

Meneja aligomba kwanza, Debora anasema. Alimwambia Rashidi anajitafutia ubaya. Rashidi akasema tena, kwa sauti ileile, kwamba Injinia, yaani wewe, alikataza kuwasha bila ule waya, na yeye alisikia kwa masikio yake. Debora akaufungua mchoro mezani akaonyesha mahali. Mchoro wenyewe ulikuwa kwenye kabati la meneja muda wote, wala haukuwa siri. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuutazama tu. Meneja akakaa. Akautazama. Akamwita fundi umeme.

Alitoka nje mwenyewe kuja getini. Sikutegemea. Si mtu mbaya yule, Mama Debora, ni mtu aliyebanwa na msimu. Alinishika mkono. "Mwalimu, pole. Nililosema jana juu ya mama nitalifuta mbele ya walewale niliowaambia." Na alilifuta. Debora alikuwepo, alisikia. Wale wawili waliolazwa nao walikuwepo, mmoja wao akampa mkono.

Waya ukavutwa. Kabla ya kuwasha tena kwa nguvu walitaka kujaribu: moto mdogo, kisha wazime feni ya juu makusudi, waone. Debora aliniambia saa watakayofanya, akidhani nitatulia nikijua. Nilikwenda nikasimama kwenye ua wa shule nimeshika seng'enge. Walimu wenzangu walinifundishia kipindi, hakuna aliyeniuliza. King'ora kikalia mara moja, kifupi. Kikanyamaza. Nikasubiri watu watoke wakikimbia. Hawakutoka. Baadaye nikaona kiganja changu kina alama za miiba ya waya.

Makaa yalikatika yenyewe. Kama ulivyochora.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kimenyooka. Wanapopunguza hewa ya chini sana, majivu yanatoka na makaa ambayo hayajaungua, na meneja analalamika kwamba anatupa mali. Wakiongeza, ile gesi inayouma macho inapanda. Debora ananiambia ndiyo kazi yenyewe, kutafuta katikati, kila shehena ya makaa ina tabia yake. Walikuja watu wa kupima, wakapanda na mashine yao hadi kwenye bomba la moshi, na ile gesi yako imeshuka sana, ingawa haijaisha. Haiwezi kuisha, anasema. Madirisha ya darasa la pili yako wazi. Asubuhi nyingine bado nauona ule utando, mwembamba, na macho yangu ndiyo yanayowasha kwanza, labda kwa woga tu.

Debora alirudi chuo, akamaliza, wakamwajiri. Hadi leo alikuwa anafanya kazi chini ya Rashidi. Lakini Rashidi amekwenda Nduguti, binti wa kaka yake anaolewa, na leo ndiyo mara ya kwanza zamu nzima iko mikononi mwa mtoto wako. Ndiyo maana nimekaa hapa. Chai yangu imepoa. Jirani amepita, akanisalimia, nikamwitikia salamu ambayo siyo.

Moshi umekuwa mweusi.

Ngoja.

Bado mweusi. Nimesimama. Nimevaa kiatu kimoja. King'ora hakijalia. Kama ni feni kingelia. Au umeme wa king'ora wenyewe ndio umekatika? Nashika simu, naiacha. Akipokea simu yangu ataacha kutazama moto. Wewe ungeniambia nikae. Nitakaa. Siwezi kukaa. Naandika nimesimama, karatasi iko ukutani, utanisamehe mwandiko.

Unapungua. Sasa ni wa kijivu.

Sasa siuoni kabisa.

Ameniletea meseji. Nainakili kama ilivyo: "Baba najua unaangalia. Nilibana hewa ya juu kupita kiasi, nimerudisha. Tuko salama wote. Kunywa chai."

Nimekaa. Nimevua kile kiatu. Nacheka peke yangu kama mwehu, na machozi yananitoka, na sijui kipi kimeanza. Amekosea, ameona, amerekebisha, na hakuna aliyeumia. Nadhani hata wewe siku zako nyingine zilikuwa hivyo, ila ulikuwa unarudi nyumbani unaniambia kazi ilikuwa nzuri.

Nilikuwa nimepanga kukuomba umtokee ndotoni umwambie aache. Nilikaa hapa na kalamu kwa ajili hiyo, kama unataka kujua. Siombi tena. Zamu inaisha saa nne usiku, nami nitamsubiri getini kama nilivyokuwa nakusubiri wewe. Atashuka ngazi zile amechoka, ana njaa, na nitabeba begi lake.

Lala, mke wangu. Lala huko Ulemo kwa wazazi wako, upumzike na kiwanda. Nakuahidi jambo moja, na ni gumu kwangu kuliko yote niliyokuahidi kanisani: sitamwambia tena ashuke. Nikiogopa, nitaogopea huku chini, mimi mwenyewe, na yeye nitamwacha atazame moto.

Mumeo,
Mwalimu